Mawe Waliyoleta Wanaume

Siku hizi nikienda Kigoma mjini kwa semina, hakosi mtu wa kijiji kingine wa kunivuta pembeni wakati wa chai aniulize: ninyi wodi yenu ya wazazi mliijenga kwa fosi akaunti, au mlimpa mkandarasi? Najua kwa nini wananiuliza mimi. Wodi yetu imesimama, haina ufa, paa halivuji, na kwao wengi kumebaki boma lisilo na paa ambamo mbuzi wanajikinga mvua. Tena mimi ndiye muuguzi mkunga wa zahanati yenyewe, na nilikuwa kwenye kamati ya ujenzi tangu kikao cha kwanza. Huwa nawajibu kwa maneno hayo hayo mawili, fosi akaunti, halafu nauliza kama chapati zimebaki.

Mimi si mtu wa mashetani. Nimefanya ukunga tangu nikiwa msichana, nimeshika kila kitu ambacho watu wanaogopa kukitazama, na kila nilipoambiwa mgonjwa ana jini nilimpima nikakuta ana malaria. Lakini ndani ya wodi ile, saa za alasiri, kama hakuna mzazi kitandani na ziwa limetulia, sikai peke yangu. Natoka nakaa kibarazani. Si kwamba nasikia kitu. Sijawahi kusikia kitu mle ndani. Ni ule ukimya wenyewe unaonitoa, maana hauna tofauti na ukimya wa chumba chenye watu waliokatazwa kusema.

Kijiji chetu kiko kusini mwa Katonga. Tunakwenda mjini kwa boti ya mashine, kwa kuwa njia ya nchi kavu ni ya mguu na milima yake haina huruma. Miaka ile ziwa lilipopanda, lilichukua safu nzima ya nyumba za chini, likachukua vichanja vya kuanikia dagaa, likachukua na chumba cha zahanati nilichokuwa nazalishia. Asubuhi moja niliingia nikakuta maji yamefika kwenye miguu ya kitanda, na kasamaki kadogo kanazunguka chini yake bila wasiwasi. Tangu hapo nilizalisha kwenye chumba cha dawa, nyuma ya pazia la kitenge, katikati ya makatoni. Uzazi ukiwa mgumu tulikimbilia boti.

Binti yangu aliolewa hapo hapo kijijini. Mimba yake ya kwanza ilikuwa ya boti. Mtoto alitoka katikati ya ziwa, Katonga tunaiona kwa macho, akatoka kimya. Mama yake akavuja damu mpaka mbao za boti zikawa nyekundu. Nilimkandamiza tumbo kwa ngumi zangu mbili njia nzima huku namtukana nahodha aongeze moto. Binti yangu alipona. Alipopata mimba ya pili, hakuniambia kwa furaha, aliniambia kama mtu anayeripoti wizi. Akasema, "Mama, mimi boti sipandi tena. Nikifa, nife nimekanyaga chini."

Mwezi ule ule halmashauri ikatuletea habari kwamba fedha ya wodi imepatikana. Mtu akiniambia hiyo si bahati, simwelewi. Nilihesabu miezi ya mimba kwa vidole, nikahesabu miezi ya ujenzi, nikaona inaweza kukutana iwapo hatutapoteza muda. Ndiyo maana katika mkutano wa kuchagua njia ya kujenga nilisimama nikasema sana, mimi ambaye kwa kawaida kwenye mikutano nasinzia.

Tulikutana kwenye darasa la shule ya msingi, watu wazima tumekunjana kwenye madawati ya watoto. Mhandisi wa halmashauri alikuja kwa boti, dada mmoja kijana mwenye buti za mpira, akatueleza bila kujikweza. Alisema njia ziko kadhaa. Tunaweza kutangaza zabuni, akapatikana mkandarasi, akajenga kwa ramani ya serikali. Anaweza kupatikana mkandarasi mmoja akachora mwenyewe na kujenga mwenyewe, lakini kwa jengo dogo kama letu hiyo ni kumchinjia ng'ombe mgeni mmoja. Au fosi akaunti: serikali inanunua saruji, nondo na mabati, inamlipa fundi, na kijiji kinasimamia na kutoa nguvu zake, yaani mawe, mchanga na maji. Akasema halmashauri inapendelea hiyo ya mwisho, ila bila mikono yetu haiwezekani, kwa hiyo tuseme wenyewe.

Mimi nikasema nataka mkandarasi.

Darasa zima likaguna. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, mvuvi mwenye sauti ya kuita boti iliyo ng'ambo, akasema, "Nesi anataka mkandarasi au anataka mchumba wa mjini?"

"Mchumba wa mjini akinikosea nafuata ofisi yake," nikamjibu. "Nyie paa likivuja nitamshtaki nani? Fundi ni shemeji yako, msimamizi ni mjomba wake, mtunza stoo ni mkwe wangu. Nitakwenda polisi na ukoo mzima?"

Watu walicheka, na nikadhani nimewapata. Lakini mwenyekiti akasimama, akaacha utani, akasema mkandarasi wa Gungu au wa Kasulu atakuja na watu wake, atajenga akiangalia saa, na siku fedha ikichelewa atapakia mashine zake aondoke. "Mtegemea cha nduguye hufa maskini," akasema. "Sasa huyu hata ndugu si ndugu." Mama mmoja mtu mzima, wa familia zilizotoka Burundi zamani zikapewa uraia, akadakia kwamba wao jambo hili wanalijua, kwao majirani kuungana kulima shamba la mmoja kunaitwa ikibiri. "Hii fosi akaunti ni ikibiri yenye risiti," akasema, na hapo mkutano ukaisha hata kabla ya kupiga kura. Mikono ikainuka. Wangu ulibaki mapajani. Kazi zikagawanywa kama zilivyogawanywa siku zote, wanaume mawe na mchanga kwa boti zao, wanawake maji. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Hapa inanibidi niseme jambo ambalo kwetu halisemwi.

Kijijini kwetu mtoto aliyezaliwa hai kisha akafa anazikwa kama mtu yeyote. Wanaume wanambeba, sala inasomwa. Lakini aliyetoka kimya, asiyelia hata mara moja, huyo ni wa wanawake. Wanawake wazima wawili watatu humchukua alfajiri wakamlaza kwenye kiwanja kidogo nyuma ya rasi, mahali wanaume hawapiti kwa kuwa hapana samaki wala njia. Hapewi jina. Baba anaambiwa "tayari", naye haulizi zaidi, na akiuliza anaonekana hana adabu. Mama akishapata nguvu ya kutembea, anashuka ziwani peke yake, anaingia hadi magotini, anachagua jiwe moja kwa mikono yake, analipeleka kule. Akishaliweka, halizungumzwi tena, hata kwa mume, hata kwa binti. Shehe wetu na katekista wetu walilijua nusunusu, na kwa hekima yao wote wawili waliamua kutojua nusu iliyobaki.

Langu lilikuwapo tangu kabla binti yangu hajazaliwa. Jiwe la kijivu, la kawaida kabisa. Nilikuwa na homa ya maziwa siku ile na nilichagua haraka. La binti yangu lilikuwa jekundujekundu, kubwa kuliko nguvu zake, na nilimwona kwa mbali akilibeba kama abebavyo mtoto, nikageuka nisimwone.

Ziwa lilipopanda, tuliona kiwanja kile kinakwenda. Wao hatukuweza kuwahamisha. Tulihamisha mawe. Tulikwenda wanawake wengi kwa pamoja, mara moja tu katika maisha yangu, kila mmoja akabeba lake na wengine wakabeba ya waliokwisha kufa, tukayapanga juu ya mwinuko penye ukavu, safu kwa safu, yakiangalia maji. Hatukusemezana. Tuliporudi nyumbani tulipika kama kawaida, na ikawa hayo ndiyo makaburi: mawe bila mtu chini yake.

Basi wanaume walipoambiwa watafute mawe magumu, walifanya kama wanaume wenye bidii wafanyavyo. Walizunguka rasi kwa boti ya mwenyekiti. Wakaona juu ya mwinuko mawe mazuri, ya mviringo, magumu, yameshakusanywa tayari. Hakuna aliyejiuliza yamekusanywa na nani, au waliojiuliza walidhani ni ya mradi wa zamani. Wakashukuru Mungu. Walirudi wakiimba, boti imezama hadi ukingoni kwa uzito, nami niliwaona kwa dirisha la chumba cha dawa nikasema kimoyomoyo, kumbe wanaweza. Nilikuwa na mtoto mwenye degedege mikononi. Mawe yenyewe sikuyaona.

Kuna jambo la ufundi ambalo nisingelijua kama nisingekuwa kwenye kamati. Jiwe la mviringo halifai kwenye msingi hivi hivi. Ni laini, saruji hailing'ang'anii. Fundi hulipasua kwanza kwa nyundo kubwa ili lipate uso. Basi nyundo ilianza. Niliisikia kutwa, nikipima presha za wajawazito naisikia, ko, ko, ko, na nilikuwa naifurahia. Kila pigo nililiona ni siku moja iliyookolewa kwa ajili ya binti yangu.

Aliyegundua alikuwa mke wa mwenyekiti. Alipanda mlimani penye ujenzi na ndoo yake ya maji kichwani akiwa wa kwanza kwenye mstari, akafika penye rundo la mawe yaliyopasuliwa, akasimama. Lake lilikuwa na mshipa mweupe umelizunguka kama mkanda. Aliliona limelala chini vipande viwili, na mshipa umekatika. Hakupiga kelele. Aliishusha ndoo taratibu, akaketi juu ya udongo, akavichukua vile vipande viwili akavibananisha, akavishika hivyo. Wanawake waliokuwa nyuma yake walitazama mikono yake, kisha wakatazama rundo, kisha wakatazama ndani ya mtaro wa msingi ulioshajazwa karibu wote. Yule mama wa ikibiri akasema, "Mana yanje," Mungu wangu kwa Kirundi, mara moja tu. Halafu mmoja baada ya mwingine walimwaga maji yao pale pale chini, wakageuka wakateremka na ndoo tupu.

Mimi nilichosikia ni nyundo kunyamaza. Nilitoka na glavu mkononi, nikawaona wanateremka. Hakuna aliyeniambia kitu, waliniangalia tu, na aliyekuwa wa mwisho kwenye mstari alikuwa binti yangu na tumbo lake. Nikaelewa. Nikashika nguzo ya kibaraza.

Saruji bila maji ni vumbi. Siku zilizofuata hakuna mwanamke aliyepanda na ndoo, na fundi alikaa juu ya mifuko akitafuna muhogo mbichi. Wanaume waliuliza, hawakujibiwa. Wakabuni sababu zao wenyewe. Wengine walisema wanawake wanataka posho. Wengine walisema nesi amewachochea kwa kuwa alitaka mkandarasi. Hilo liliniuma, nikajibu kwa ukali mpaka nikaona aibu, kwa kuwa sababu ya kweli nilikuwa nayo mdomoni na sikuweza kuitoa.

Mhandisi alikuja tena. Nilimuuliza pembeni kama msingi unaweza kufumuliwa. Aliniangalia kwa mshangao. Akasema ukifumuliwa hakuna fedha ya kuanza upya, mwaka wa serikali utaisha, fedha itarudi ilikotoka, nasi tutabaki na boma. "Mama, kuna nini hapa?" akaniuliza. "Niambie, mimi ni mwanamke mwenzako." Nilitaka sana. Nikamwambia kuna mambo ya kijiji. Aliondoka na boti ya jioni akiwa amekunja uso, na sikumlaumu.

Hasira yangu yote wakati ule ilikuwa juu ya ule mkutano wa darasani. Mkandarasi angeleta mawe yake kwa lori kutoka Mwandiga mpaka bandarini, kisha kwa boti, mawe yasiyomjua mtu. Angefunga pampu yake ziwani asihitaji ndoo ya mwanamke yeyote. Kijiji kingekaa pembeni kikitazama, na wodi ingekuwa wodi tu. Sisi tulisema tutajenga kwa nguvu zetu wenyewe, na kweli tulijenga kwa vyetu. Niliyarudia mawazo hayo mchana kutwa, na kila nilipofika mwisho niliona tumbo la binti yangu limeshuka kidogo zaidi.

Mwenyekiti ndiye aliyenifuata. Alikuja zahanati mchana, hana mgonjwa, akakaa kwenye benchi la wagonjwa na kofia yake magotini. Ile sauti yake sikuisikia.

"Nesi," akasema, "mke wangu hali chakula. Amelala na vipande vya jiwe chini ya mto. Nikimwuliza ananiangalia kama mimi ni mtu aliyepita njia. Nimekosa nini?"

Sikupaswa kumwambia. Mama yangu mzazi angeamka kaburini. Lakini niliona mtaro ule wazi, mvua inakaribia, na binti yangu anayekuja kuzaa, na nikasema. Nilimwambia kiwanja kilikuwa wapi. Nilimwambia mawe yale yalikuwa nini na akina nani waliyapanga. Nilisema haraka, nikiangalia sakafu, kama mtu anayemeza dawa chungu.

Aliizungusha kofia yake magotini. Kisha akasema, "Sisi tulipoteza wawili. Niliambiwa 'tayari'. Mara zote mbili niliambiwa 'tayari', nikaenda ziwani kuvua. Sikujua hata upande gani wa kijiji." Akaiangalia mikono yake. "Yale mawe nimeyapakia mimi. Nilikuwa nayapokea moja moja, nayashusha ndani ya boti. Nilisema, jamani, mazuri haya, yamepangwa kama yalikuwa yakitungoja."

Akalia. Mwanaume mzima, kwenye benchi langu, saa saba mchana, na mlango uko wazi. Nilisimama mlangoni nikauziba kwa mwili wangu ili wapitao wasimwone. Alipomaliza aliniuliza lipi lilikuwa la ndoa yake, kama kulikuwa na jingine mbali na lile la mshipa mweupe. Nikamwambia sijui, hakuna ajuaye isipokuwa mke wake. Alivaa kofia akaondoka.

Sijui aliwaambia wenzake nini, wala kwa maneno gani. Ninachojua ni kwamba asubuhi yake wanaume walikuwa ufukweni na ndoo. Si madumu ya kubeba begani wala baiskeli ya kusukuma. Ndoo za wake zao, kichwani, na kata za kanga chini yake. Wavuvi, wachuuzi wa dagaa, mwalimu mkuu, hata fundi mwenyewe. Hawajui kubeba. Maji yaliwamwagikia mabegani, shingo zimekakamaa, wanatembea kama watu wanaokanyaga miiba. Mlima ule ni mkali na jua lilikuwa la mwisho wa kiangazi. Wanawake walitoka wakasimama milangoni. Kwa kawaida kitu kama hicho kingetuchekesha mwaka mzima, na utani wake ungeingia kwenye harusi. Siku ile hakuna aliyecheka.

Walibeba hivyo mpaka jengo likafika linta, ule mkanda wa zege juu ya milango, na baada ya linta wakaendelea. Vipande vilivyokuwa havijaingia kwenye msingi fundi hakuvigusa tena kwa nyundo. Alivipanga kwa mkono kwenye kona ya mwisho, akavizungushia saruji nyingi kuliko inavyoruhusiwa, na mhandisi alipokuja kukagua aliona, akaangalia upande wa ziwa. Mke wa mwenyekiti alipanda siku ya kuvipanga akaviweka vyake mwenyewe. Kisha baadhi ya wanawake wakachukua ndoo zao kutoka kwa waume zao, bila neno, wakaendelea na maji. Wengine hawakurudi kamwe.

Binti yangu alikuwa miongoni mwa hao. Mumewe alibeba maji mpaka kichwa kikamtoka malengelenge, lakini yeye hakuikaribia wodi. Paa lilipoezekwa nilimwita aje aone kitanda kipya, mahali pa kutundikia dripu, bomba la maji, taa ya jua. Hakuja. Nikamfuata kwake.

"Sitalala juu ya mtoto wangu nikazaa mwingine," akaniambia. Alikuwa anapeta mchele, hakuinua macho. "Nitazaa hapa."

Nilimgombeza. Nilimweleza damu ilivyokuwa kwenye boti, nilimweleza kuwa mwanamke aliyevuja mara moja huvuja mara ya pili, kwamba nyumbani kwake sina sindano, sina maji, sina mwanga. Nilimwita mjinga, nikamwita mkatili kwa mumewe. Aliendelea kupeta. Niliogopa kuliko nilivyoogopa siku ya boti, maana siku ile nilikuwa na la kufanya na ngumi zangu. Hapa nilikuwa na maneno tu, na yaliniishia.

Nilikaa chini kwenye mkeka karibu naye. Nikamwambia, "Na wangu yumo."

Ungo ulisimama.

"Kabla yako," nikasema. "Alikuwa mvulana. Lilikuwa jiwe la kijivu. Sijui kama lilipasuliwa, sijui liko upande gani. Naingia mle kila asubuhi, napiga deki, natandika vitanda, na sijui kama namkanyaga. Naogopa kama wewe. Lakini sina mahali pengine pa kukupokelea."

Alitazama uso wangu muda mrefu, kama anayetafuta mahali nilipokuwa nimemficha huyo ndugu yake miaka yote. Kisha akaniuliza kama nilikula. Nikasema sijala. Akanyanyuka, akaniletea ugali na migebuka, nikala mbele yake, na hatukuzungumza tena habari hiyo.

Uchungu ulimshika mchana, siku ya mvua. Sikuitwa. Nilikuwa nafunga madirisha ya wodi upepo usipindue vyombo, nikageuka nikamwona amesimama kizingitini, miguu mitupu, kanga imelowa, mumewe nyuma yake kashika viatu. Alisita pale. Alikuwa anaitazama sakafu kama mtu anayetazama maji asiyojua kina chake. Nilitaka kwenda kumvuta mkono, nikajizuia. Akaingia mwenyewe.

Alikataa kulala. Alitembea kutoka ukuta hadi ukuta, kiganja kimoja ukutani, na uchungu ukimjia anasimama, anapumua, anaendelea. Nilimwacha, kutembea ni dawa. Alikuwa anakanyaga polepole mno, kisigino kwanza kisha vidole, na ilinichukua muda kufahamu kwamba anajitahidi asitoe sauti. Hata maumivu yalipozidi aliyauma kwenye kanga. Mvua juu ya bati ilikuwa inapiga kelele ya kutosha kuzima kilio cha wanawake kumi, na yeye alizaa kimya.

Mtoto naye akatoka kimya.

Nimepokea watoto wengi kuliko ninavyokumbuka, na mikono yangu ilijua kazi yake hata pale mimi mwenyewe nilipokuwa sipo. Nilimfuta, nikamsafisha pua na mdomo, nikamsugua mgongo, nikampiga nyayo. Alikuwa wa buluu. Nilisikia mvua, na chini ya mvua nilisikia ule ukimya wa mle ndani ukisogea karibu yangu, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilizungumza nao. Nilisema kwa sauti, "Huyu hapana. Huyu ni wangu mimi." Nikampulizia pumzi, mara moja, na mara nyingine tena.

Akakohoa. Halafu akalia, kilio kikali cha hasira, akakunja ngumi, na rangi ikampanda kuanzia kifuani. Msichana. Nilimwekea mama yake kifuani nikashika tumbo lake, na damu ilikuwa kiasi, na chini ya mkono wangu mji wa mimba ulikaza kama inavyotakiwa. Mtoto alilia na kulia, wodi nzima ikajaa, na nikaona binti yangu ameingiwa na hofu, anaangalia chini, pembeni mwa kitanda, kona hadi kona.

Akamkumbatia mtoto kwa mkono mmoja. Wa pili akaushusha mpaka vidole vikagusa saruji, akawa anaipigapiga taratibu, hivyo tu, kama afanyavyo mama anayetaka waliolala waendelee kulala.

"Laleni," akawaambia. "Ni mdogo wenu tu."